Mtani Aliyeililia Pikapu ya Baba

Mwezi uliopita niliipeleka gari yangu gereji moja pale Bombambili. Ni gari kuukuu, niliinunua ikiwa kuukuu, na sasa tunazeeka pamoja. Fundi akaiwasha, akaisikiliza kidogo huku amekunja uso, akaizima. Akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akasema, "Dada, hapa tunashusha injini."

"Umejuaje?"

"Inagonga, na oili inakula. Kwani wewe husikii?"

"Nasikia. Nakuuliza umejuaje."

Akanitazama kama mtu anayejiuliza huyu mteja ametokea wapi. Nikafungua boneti mwenyewe, nikachomoa kile kijiti cha kupimia oili, nikakipeleka juani, nikakitazama hivi na hivi. Vijana wa gereji waliacha kazi wakawa wananiangalia. Fundi akauliza kwa upole, "Dada, kwani unatafuta nini?" Nikamwambia nitarudi kesho, nikapanda bodaboda nikaenda zangu nyumbani.

Usinicheke, rafiki yangu. Shaka ile sikuitafuta, niliirithi. Wengine hurithi shamba la kahawa, mimi nilirithi jicho la bibi yangu mzaa baba, na jicho lile lilikuwa haliamini kitu. Bibi akinunua mafuta ya taa alikuwa anayanusa kwanza dukani, mbele ya mwenye duka, ndipo anatoa hela. Sukari aliipima kwa kiganja hata kama imetoka kwenye mizani sasa hivi. Dagaa wa Nyasa aliwamwaga kwenye ungo akatafuta mchanga, na akiukosa alisikitika kidogo. Hata kanisani, kikapu cha sadaka kikipita alikisindikiza kwa macho mpaka kinafika mbele. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akituambia, kisha anatukagua nguo.

Tulikaa Mjimwema, wakati ule nyumba zikiwa chache na migomba ikiwa mingi. Nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Baba alikuwa na pikapu, ya buluu kwa mujibu wa karatasi zake, ingawa mimi sikuwahi kuiona buluu yenyewe isipokuwa chini ya viti. Kazi yake ilikuwa kwenda vijijini Namtumbo kubeba mahindi na tumbaku za wakulima na kuzileta mjini. Harufu ya tumbaku iliingia kwenye kila kitu chetu, kuanzia mashuka mpaka sare za shule. Siku moja mwalimu wetu wa darasa la nne alisimama katikati ya hesabu za kugawanya, akavuta pumzi, akauliza ni nani amevuta sigara. Darasa zima likanigeukia mimi.

Alfajiri tulikuwa tunaisukuma pikapu ili iwake, mimi na mama na yeyote aliyepita njia akiwa hana haraka. Jioni tuliisikia ikipanda kilima kabla hatujaiona, na hapo ndipo bibi alipotia unga kwenye maji ya ugali. Baba alifika ugali ukiiva. Mboga yetu ilikuwa majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga, na siku baba akipewa kuku na mkulima, basi kuku. Sijui kama kuna chakula kilichowahi kunipendeza kama ugali ule wa kupikwa kwa kufuata mlio wa gari.

Nyasi za nyumba yetu zilikuwa zimechoka. Masika yaliyotangulia tulihamisha vitanda kila mvua ilipobadilisha upande. Baba akajibana msimu mzima wa tumbaku, akanunua mabati, yakawekwa chumbani kwa bibi yakiwa yamefungwa magunia, yamesimama ukutani nyuma ya kitanda chake. Yangepigwa juu kabla ya mvua za Desemba. Bibi aliyalinda kama watoto. Mara nyingi nilimkuta ameingiza mkono kwenye gunia, anayapapasa tu, na mimi nilijifanya sijaona.

Ndipo pikapu ikaanza kuugua. Ulikuwa mwezi wa masuku, yale matunda ya porini ambayo akina mama huyaleta mjini kwenye ndoo, na vumbi lilikuwa jekundu kila mahali. Kwanza ikawa inachemsha, baba akawa anatembea na madumu ya maji. Kisha ikaanza kutoa moshi mweupe mzito, kisha ikaanza kugonga. Kilima chetu ikawa inakipanda kwa kusimama mara mbili, bibi akawa hajui tena atie unga lini. Tulikula ugali uliopoa mara nyingi mwezi ule.

Baba akaipeleka kwa fundi wake kule mtaa wa Lizaboni, na mimi nikaenda naye kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Hapa lazima nikueleze huyu fundi. Alikuwa Mbena wa Njombe, na sisi ni Wangoni, na Wabena ni watani zetu. Kama kwenu hakuna utani, jua tu kwamba mababu waliopigana sana mwishowe waliamua kutukanana badala ya kuuana. Mtani anaweza kuingia kwako akala chakula chako, akachukua jembe lako akaondoka nalo, akakuita mwizi mbele ya mkweo, na huna ruhusa ya kukasirika. Utalirudisha jembe lako kwa kumtukana vizuri zaidi. Mtani hachukiwi, na mtani hashtakiwi. Hiyo ndiyo sheria yote.

Fundi yule hakuwahi kumwamkia bibi kama watu wengine. Akifika kwetu alisimama mlangoni akasema, "Bado hujafa tu? Mimi nimeshanunua sanda!" Bibi naye anajibu bila kuinua kichwa, "Itumie mwenyewe, mla viazi we, maana umeshaanza kunuka." Halafu anamwekea kiti. Katika watu wote waliowahi kuingia nyumbani kwetu, ni yeye peke yake ambaye bibi hakumkagua.

Basi siku ile fundi alifungua boneti, akasikiliza, akachomoa kijiti cha oili. Akakitazama. Akaweka mkono kichwani, akaketi chini kwenye vumbi, akaanza kulia kilio cha msibani, kile cha kuvuta: "Uwiii, jamani! Marehemu alikuwa mwema! Wangoni mmeua, mmeiba ng'ombe zetu na sasa mmeua gari!" Watu wakajaa. Baba alicheka mpaka akashika bodi la gari. Fundi akaja na kile kijiti, akampitishia kila mtu puani kama padri na chetezo, "Karibuni msibani, karibuni chai ya maziwa! Mwenye gari kapika chai ya maziwa!" Na kweli, oili ilikuwa imegeuka rangi, nyeupe nyeupe ya udongo, imetoa povu. Tukazidi kucheka.

"Sema kweli bwana," baba akasema akijifuta machozi. "Nishushe injini?"

"Usishushe kitu. Bloku lenyewe la injini limepasuka, utashusha maiti ukapandisha maiti. Zika. Au niuzie mimi hilo kopo, nikupe mbuzi mmoja, tena mgonjwa."

Baba akasema utani una kiasi, sasa waongee kazi. Fundi akasema hapo ndipo anapoongea kazi. Baba akacheka tena, lakini kicheko kifupi. Alipogeuka kwenda kutafuta maji ya kunawa, mimi niliyekuwa nimekaa ndani ya pikapu nikamwona fundi anazungusha kifuniko cha rejeta, anakichomoa, anakitumbukiza mfukoni. Akaniona nimemwona. Akanikonyeza. Akasema, "Mwambie bibi yako kifuniko ninacho mimi. Mtakipata siku ya mazishi."

Nilifika nyumbani mbio kumtangulia baba, ambaye alibaki akibishana. Nakumbuka raha niliyokuwa nayo. Miaka yote bibi alinifundisha kuangalia mikono ya watu, na leo nilikuwa nimeiona mikono. Nikamweleza bibi yote: kilio, chai, mbuzi mgonjwa, kifuniko kwenda mfukoni. Nilisema "ameiba." Kukonyezwa sikukutaja, wala yale maneno niliyotumwa. Sijui kwa nini sikukutaja, au najua, habari ingepungua uzito.

Bibi aliacha kupepeta. Akauliza, "Amesema tumuuzie?"

"Amesema, bibi. Kwa mbuzi."

"Na kifuniko amekificha."

"Mfukoni."

"Haya," akasema, akafunga khanga vizuri kiunoni. Nilijua ile namna ya kufunga khanga. Hesabu ilikuwa imekamilika kichwani mwake: fundi anataka gari iitwe maiti ili ainunue kwa bei ya maiti, na kifuniko amekichukua ili isitoke pale kwenda kwa fundi mwingine. Usinilaumu nikisema hesabu ilikuwa nzuri. Hata leo nikiipitia naona kila kitu kimekaa mahali pake, isipokuwa kwamba haikuwa kweli.

Akaenda kwa balozi wetu wa nyumba kumi kumshtaki. Nilikuwepo, maana mimi ndiye nilikuwa shahidi. Balozi alikuwa mzee mwenye subira, akamsikiliza mpaka mwisho kisha akauliza taratibu, "Mama, si huyu ni mtani wenu?"

"Ni mtani."

"Sasa mama, mtani unamshtaki vipi?"

"Utani ni maneno. Huyu ana kitu changu mfukoni. Mzaha mzaha hutumbua usaha, balozi. Mwite."

Fundi aliitwa. Aliingia anacheka, akaanza, "Bibi kizee umekosa bwana mpaka unaniletea..." Akaona balozi ameshika kalamu. Akaona na baba amekaa pembeni anaangalia chini. Kicheko kilimtoka kidogo kidogo. Akatoa kifuniko cha rejeta mfukoni, akakiweka mezani, akasema alikichukua ili mtani wake asiende kupoteza mali yake kwa mafundi wengine, kwamba angekuja kukirudisha jioni na kula ugali. Akaapa. Bibi akamwambia kiapo cha mwizi hakijai kibaba. Na alilisema neno mwizi kavukavu, bila ule mdundo wa utani. Mtoto wa miaka kumi aliusikia utofauti, sembuse yeye. Akaomba msamaha kwa balozi, akatoka.

Pikapu ikavutwa mpaka Bombambili, kwa fundi mwingine. Huyu alikuwa mtu wa adabu sana. Alimwamkia bibi shikamoo kwa kuinama, alimwita baba mheshimiwa, na hakucheka hata mara moja. Alisikiliza injini kama daktari, akasema, "Mama, hii ni ya kushusha tu. Tukibadilisha ringi na pistoni na zile gasketi zake, itapona kabisa." Itapona. Unaona neno lilivyo tamu? Bibi alilirudia njia nzima.

Mama peke yake ndiye aliyeuliza, usiku wakati wa kula, kama haingekuwa vizuri kupiga mabati kwanza badala ya kuyauza ili kumlipa fundi. Baba akasema bila pikapu hata mabati yale yasingekuwepo, na kwamba pikapu ikipona italeta mengine. Wote tukamtazama bibi, kwa kuwa yalikuwa chumbani kwake. Akasema wakayachukue asubuhi, ila ayahesabu yeye wakati yanatoka.

Alipoamua kuamini, shaka yake ilihamia kwenye vyuma. Mjini ilikuwa inajulikana kwamba injini ikishushwa, pistoni nzima hutembea usiku na pistoni mbovu hurudi asubuhi. Bibi akachukua rangi ya kucha ya mama, nyekundu, akaniagiza nitie alama kila chuma kinachofunguliwa. Likizo ile yote niliimaliza Bombambili, nimekaa kwenye debe, kichupa mkononi, nikipaka nukta nyekundu kwenye boliti, ringi na mabomba, hata kwenye vile ambavyo sikujua ni nini. Fundi aliniachia nifanye nilivyotaka, tena kwa adabu. Bibi alikuja kila siku na kapu la mihogo ya kuchemsha, akakagua nukta zangu moja moja. Bloku lenyewe, mwili mzima wa injini, lilikuwa pale katikati, kubwa, jeusi kwa grisi. Nililipaka nukta nne. Hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kulisugua tuone kama lina ufa.

Pikapu ilirudi ikinguruma vizuri. Baba alipiga honi kuanzia barabara kuu. Ilikwenda Namtumbo ikarudi, ikaenda ikarudi, na safari ya tatu ikazima njiani ikiwa na magunia ya watu. Baba alipochomoa kijiti cha oili, aliona ile rangi. Alituambia baadaye kwamba alikaa pembeni mwa barabara akitamani kusikia mtu analia kwa kejeli.

Sasa mimi ni mtu mzima, nimemiliki magari mabovu ya kutosha, najua kilichokuwa wazi kwenye kijiti kile. Oili ikiwa kama chai ya maziwa, maji yameingia ndani. Na kama bloku limepasuka, hakuna ringi wala pistoni itakayoliponya. Fundi wetu wa Lizaboni alikuwa ametupa majibu kamili kwa dakika moja, bure, na akatupitishia ushahidi puani. Tulicheka. Yule wa Bombambili, mtu wa adabu, sijui mpaka leo kama alitudanganya au hakulijua lile bloku. Nimemfikiria miaka mingi na kila nikimfikiria namshuku upya. Ila gari yangu ya mwezi uliopita oili yake ilikuwa nyeusi, safi, haina povu. Nilirudi kesho yake kama nilivyoahidi, nikamwambia fundi wangu ashushe injini. Alishusha, ikakaa sawa. Sikupaka rangi kitu chochote, nilikaa ofisini kwangu siku tatu nikijizuia kwenda kuchungulia.

Mvua za mwaka ule zilikuja mapema. Tuliweka masufuria, mabeseni, hata ndoo ya masuku. Kitanda cha bibi kilisukumwa mpaka kikagusa mlango, na upande ule uliokuwa na mabati ukawa na kidimbwi. Akaanza kikohozi ambacho hakikumwacha vizuri tena. Kulalamika hakulalamika. Aliacha tu kununua vitu mwenyewe, akawa anamtuma mama, na mama akirudi, bibi hanusi kitu.

Siku moja, mvua ikiwa inanyesha, fundi wa Lizaboni alikuja. Alikuwa amebeba turubai kuukuu la lori begani. Hakutaka chai. Alipanda juu ya nyumba na baba, wakalitandaza upande wa chumba cha bibi, wakalifunga kwa kamba na kuliwekea mawe. Aliposhuka alikuwa ameloa chapachapa. Bibi alikuwa amekaa mlangoni, na nilimwona amejiweka sawa, amekaza mdomo, anasubiri. Nadhani alikuwa ameshaandaa tusi lake, maana ilikuwa lazima, ndivyo ambavyo angeomba msamaha.

Fundi akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama."

Bibi akasema, "Marahaba."

Toka siku hiyo fundi aliongea nasi kwa adabu. Baba alimtania njiani, akatabasamu na kuuliza habari za nyumbani. Niliwahi kumwendea mwenyewe, nikiwa tayari kidato cha pili, nimwambie kuhusu kule kukonyezwa. Nilimkuta chini ya gari, nikamwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza masomo yanaendaje. Nikasema yanaendelea vizuri. Nikaondoka.

Bibi alipofariki, watu walikuwa wengi, na kila kitu kilikwenda kwa utaratibu. Wanaume walichukua majembe wakaenda kuchimba kaburi, na hakuna mtani aliyeyaficha na kudai fedha kabla ya kuyatoa, kama ilivyokuwa ada ya watani msibani. Hakuna aliyevaa gauni la marehemu akapita nalo uani akiigiza anavyonusa mafuta ya taa. Kwa mwanamke kama yule, waombolezaji walipaswa kucheka mpaka waumwe mbavu. Siku hizi misiba mingi iko hivyo, kimya na heshima, na vijana wakisikia utani wanauliza kama si kudhalilishana. Mimi nilizunguka msibani na lile jicho la bibi, nikitafuta hata mtani mmoja. Nikamwona yule fundi, mzee sasa, amekaa kwenye mkeka pamoja na wageni waliotoka mbali, sahani ya wali magotini. Aliponiona aliweka sahani chini, akasimama, akanipa mkono wa pole kwa mikono yote miwili.

Nilitaka kumwomba anitukane. Nikasema, "Asante, mzee. Karibu chakula."